Mashahidi wa Neno Kitwena

Ofisi ya Kamusi,
3 Machi

Mdogo wangu Maranda,

Kabla hujaanza kulalamika kwamba mjini nimegeuka bubu, soma hii mpaka mwisho ndipo ulalamike. Leo nimekutana na jina langu mezani kwangu.

Kazi yetu unaijua: chumba kimoja juu ya duka la viatu, makabati ya kadi mpaka mlangoni, na Mhariri Mkuu anayekohoa kila akiona kosa. Toleo hili jipya tunataka liwe na maneno ya msituni, yale ambayo watu wa miti wanayo na sisi wa mezani hatuna. Tumewaandikia wachoma mkaa, wapasua mbao, maofisa misitu, yeyote mwenye matope ya msitu kwenye viatu. Basi leo ikaja bahasha ya mama mmoja anayetunza kitalu cha miche, mbali kabisa na huko kwenu. Ameyapanga maneno yake kwa mwandiko wa mwalimu, na katikati, baada ya jina la gome fulani, ameandika: kitwena. Maana hakuitoa. Amesema tu kwamba neno lisilojulikana tumuulize.

Nilisimama nikakaa tena. Maisha yangu yote nilidhani Baba alilibuni kwa mapenzi yake tu, kama alivyokubatiza wewe Maranda kwa sababu ya kulala kwenye takataka za randa. Kumbe mimi ni neno.

Nimemwandikia mama huyo anieleze. Lakini kwa nini nimsubiri mgeni wakati nina ndugu anayeamka na kulala juu ya magogo? Niambie wewe. Kitwena ni kitu gani huko msituni? Ujue tuna kanuni ngumu hapa: neno haliingii kwenye kamusi mpaka liwe na mashahidi wawili wasiojuana, na mfano wake lazima uwe sentensi iliyotoka mdomoni mwa mtu kweli, si ya kutungwa mezani.

Magoti ya Mama yanaendeleaje? Najisikia vibaya kwamba sijafika tangu kabla ya msiba wa Mama Mdogo mwaka jana. Wewe ndiye uliyeniandikia nisijisumbue, barabara imeharibika na mazishi ni ya haraka haraka, nami nikatii. Nikwambie ukweli, sikusikitika sana kukatazwa. Unajua mimi na Mama Mdogo tulivyokuwa. Kila akija kututembelea alinitazama kama fundi anayepima kitambaa kwa macho, mpaka nikawa natafuta kazi ya jikoni nimkwepe. Ila magauni yake, Mungu amrehemu, yalinikaa sawasawa, na hakuwahi hata siku moja kunizungushia futi.

Jibu haraka.

Dada yako,
Kitwena (sasa ni neno rasmi, niheshimu)


Kiwandani,
14 Machi

Dada Kitwena, neno rasmi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, mkanda wa msumeno mkubwa ulikatika na tumekuwa tukipasua kwa ule mdogo unaolia kama mbuzi. Mama hajambo. Magoti ni yale yale, lakini mdomo mzima kabisa. Jana amemfukuza dereva wa lori kwa sababu alikanyaga mboga zake, na dereva ameomba radhi mara mbili.

Habari ya jina lako ilinichekesha mpaka vibarua wakaja kuuliza kulikoni. Nimekumbuka vizuri maana yake, Baba aliwahi kuniambia. Andika hivi: kitwena ni chipukizi la kwanza la mti baada ya mvua, changa na laini, lenye kuleta matumaini mema kwa wapitao. Ulizaliwa mvua zilipoanza, basi Baba akaona jina ndilo hilo.

Ukitaka shahidi wa pili, mwandikie Fundi Msumeno. Amezeeka lakini hajasahau kitu, na alikuwa na Baba kambini tangu enzi za kupasua kwa mikono, mmoja juu ya gogo na mwingine ndani ya shimo. Mama usimwandikie juu ya hili. Akianza kumkumbuka Baba presha inapanda, na mimi ndiye ninayebaki naye. Na huyo mama wa kitalu, sijui kama ni wa kumsubiri. Watu wa vitalu wanajua miti ya kwenye makopo tu.

Ukikiona kitabu kimetoka, nitumie viwili. Kimoja cha kusoma na kimoja cha kuwapigia watu kichwani.

Wako,
Maranda


Nyumbani kwangu,
20 Machi

Mwanangu,

Barua yako imenifikia, nami nakujibu. Macho yangu hayana nguvu, kwa hiyo nakwenda moja kwa moja.

Kitwena ni chipukizi la kwanza la mti baada ya mvua, changa na laini, lenye kuleta matumaini mema kwa wapitao.

Hilo ndilo. Nafurahi umenikumbuka. Nakuombea heri katika kila jambo, na hasa katika lile.

Mimi,
Fundi Msumeno


Ofisi ya Kamusi,
29 Machi

Maranda mpenzi,

Fundi Msumeno amekuwa mshairi uzeeni. Nimesoma barua yake mbele ya ofisi nzima na wote wameipenda. Ananiombea heri “hasa katika lile”. Lile lipi? Au mmenitafutia mchumba huko bila kuniambia?

Nimefanya jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu niingie ofisi hii. Wewe na Fundi mnajuana, tena mnakunywa chai benchi moja kila asubuhi, kwa hiyo kwa kanuni zetu ninyi ni shahidi mmoja tu. Nilikwenda kwa Mhariri Mkuu nikamwambia nawafahamu watu hawa wawili tangu nizaliwe, mmoja ni damu yangu na mwingine alinifundisha kuendesha baiskeli kwenye ua wa kiwanda, na kama hawa wanadanganya basi hakuna neno hata moja la kweli katika makabati yetu. Akakohoa kidogo, akanipa. Mama wa kitalu hajajibu, nasikia yuko porini anakusanya mbegu. Nimetia sahihi. Limekwenda kwenye ukurasa wa kusahihisha, na nimeuangalia ukurasa huo leo zaidi ya inavyomfaa mtu wa rika langu.

Unajua, shuleni wenzangu walikuwa na majina ya mabibi zao na mimi nilikuwa na jina lisilo na mwenyewe. Mwalimu mmoja aliniuliza lina maana gani, nikamwambia halina, ni langu tu. Alicheka. Ningempata leo ningemwonyesha.

Likizo nitakuja na ukurasa wenyewe, nimsomee Mama kwa sauti akiwa amekaa kwenye kiti chake cha ukutani.

Dada yako,
Kitwena, chipukizi la matumaini mema


Kitaluni,
11 Aprili

Kwa Mhariri,

Samahani kwa kukuweka muda mrefu. Nilikuwa kwenye msimu wa mbegu, na huko posta haifiki.

Umeniuliza kuhusu kitwena. Gogo kubwa likianguka msituni, huoza taratibu sana. Huku likioza, mbegu ya mti mwingine huja ikatua mgongoni mwake na kuota hapo hapo. Mche huo hula gogo, hunywa maji ya gogo, mpaka mizizi yake inashuka ubavuni na kufika ardhini. Huo ndio kitwena. Ukipita haraka utadhani ni tawi la gogo lenyewe limechipua. Aliyezoea hutazama jani tu, akajua kwamba jani lile si la gogo lile.

Nililipata neno hili kwa bibi yangu, aliyekuwa akiwapikia wapasua mbao kwenye kambi zao. Watu wa kambi walihama na maneno yao, ndiyo maana vijijini hulisikii. Tena nikuongezee jambo, huenda likakufaa. Kambini walimwita kitwena mtoto anayelelewa na mama asiyemzaa. Halikuwa tusi. Bibi alisema ni neno la mapenzi kabisa, ila kila mtu alielewa kwamba mtoto mwenyewe haambiwi maana yake.

Kama una la zaidi, uliza tu. Miche yangu hainisemeshi, nafurahi kupata wa kuongea naye.

Wako,
Mtunza Kitalu


Ofisi ya Kamusi,
18 Aprili

Maranda,

Nimeweka barua tatu mezani, yako, ya Fundi na ya mwanamke ambaye sijawahi kumwona. Nakunakilia ya kwake neno kwa neno katika karatasi ya pili. Isome kwanza.

Umeisoma. Sasa nikueleze kitu cha kazini kwangu. Watu wawili wakieleza neno moja, hawalingani. Mmoja atasema dogo, mwingine atasema changa. Mmoja atakwenda mbali akakusimulia na habari ya shemeji yake. Mashahidi wa kweli wanapishana kila mahali isipokuwa kwenye maana. Ninyi wawili mmelingana mpaka “wapitao”. Fundi Msumeno hajawahi kutamka “wapitao” maishani mwake. Nilipaswa kuliona siku ile ile, na ningeliona kama barua zingetoka kwa watu wengine. Sikuliona kwa sababu nilikuwa nikicheka.

Nilirudi kwa Mhariri Mkuu nikamwambia afute maana ile. Hakukohoa. Alichukua kalamu, na bora angenitukana.

Lakini hilo la kazini nitalimeza. Nataka kujua hili lingine. Mlikuwa mkiniita mezani, mkiniita uani, Baba akiniita mbele ya wateja, madereva wa malori wakinipungia mkono kwa jina hilo. Nilikuwa naitika. Nilikuwa nakuja mbio. Nani kati yenu hakujua? Nina haki ya kujua ni mangapi nimeitikia.

Nakuuliza swali moja, na usinijibu kwa utani: mimi ni mtoto wa nani?

Nimemwandikia Fundi swali hilo hilo. Mama bado, kwa sababu ya ile presha uliyoniambia, kama nayo ni ya kweli.

Dada yako, kama ndivyo


Kiwandani,
24 Aprili

Dada,

Nimekaa na barua yako kwenye banda la mbao kavu mpaka kibarua mmoja akaja kuniuliza kama naumwa. Naumwa, nikamwambia.

Ni kweli. Ile sentensi niliitunga mimi. Nilitaka uipate haraka uridhike, uache kuuliza, na huyo mama wa miche akijibu usimwamini. Nilidhani nakulinda. Ukinichukia una haki.

Mama yako alikuwa mpishi wa kambini. Hakuna aliyejua kwao. Alijifungua, akakaa kidogo, kisha akaondoka na lori la magogo wala hakurudi tena. Mama na Baba walikuwa hawajapata mtoto, wakakuchukua. Ndiyo hayo tu. Hakuna wa kumtafuta, Dada. Hakuna kaburi wala jina. Kwangu mimi hakuna kilichobadilika, wewe ndiye uliyenibeba mgongoni na kunidanganya kwamba vumbi la mbao ni unga wa uji.

Njoo nyumbani tuongee. Usimwandikie Mama, nakuomba kwa jina la Baba.

Mdogo wako daima,
Maranda


Nyumbani kwangu,
25 Aprili

Mwanangu,

Barua yako imenishtua, nikaomba mjukuu wangu aisome tena, akaisoma vile vile.

Maranda alikuja kwangu mwezi ule na karatasi. Akaniambia wewe mwenyewe hupendi maana halisi ichapwe, watu wa mjini wakaijua, kwa hiyo ukiniandikia nijibu kama ilivyo kwenye karatasi ile. Nikaona ni haki yako, jina ni lako. Nilinakili kwa shida, maana yale maneno yalikuwa ya shule. Na ile heri niliyokuombea ni ya msiba wako. Nilikosa namna ya kuisema vizuri.

Sasa unaniuliza wewe ni mtoto wa nani, na mimi naogopa, maana nilidhani unajua. Mama yako alisema mbele yetu, pale kitandani kwa mdogo wake, kwamba umeambiwa yote na uko njiani. Mimi nilikuwepo, nimesimama na kofia mkononi. Siku ya mazishi tulikuwa tukitazama barabarani. Hukuja. Nikasema kimoyomoyo, amekasirika, na nani atamlaumu. Mtu kutomzika mama aliyemzaa si jambo dogo, lazima ana lake.

Kumbe hukuwa na lako. Mwanangu, tulikukosea. Sisi sote tulikijua kitwena chetu, ila chenyewe hakikujijua. Hata waliokuja kazini juzi juzi walikuwa wanaambiwa siku ya kwanza, pamoja na mahali pa choo.

Yaliyobaki muulize mama yako. Mimi nimeshasema zaidi ya yangu.

Fundi


Ofisi ya Kamusi,
5 Mei

Mama,

Shikamoo.

Maranda ameniandikia kwamba mama yangu alikuwa mpishi aliyepanda lori la magogo akapotea. Siku iliyofuata Fundi Msumeno ameniandikia kwamba mama yangu ni Mama Mdogo, mliyemzika mwaka jana bila mimi. Barua zote mbili zimeingia pamoja kwa mwenye duka la viatu hapo chini, anayetupokelea, zikapanda ngazi pamoja, nikazifungua pamoja.

Siulizi ipi ni ya kweli. Nimeshajua. Nataka kuisikia kwako, kwa mkono wako, bila Maranda kukaa pembeni akikupunguzia. Niambie alivyokuja kambini, na niambie alivyokufa.

Sijui niandike nini chini, kwa hiyo naacha.


Nyumbani,
16 Mei

Mwanangu,

Naandika mwenyewe. Maranda nimemtoa nje.

Mdogo wangu alikuwa chuo cha ualimu, mwaka wa mwisho. Mwanamume aliyempa mimba alimkana mchana kweupe, mbele ya baba yetu. Chuo kingemfukuza na nyumbani wasingempokea. Mimi nilikuwa kambini na baba yako, nimeolewa siku nyingi na sina mtoto, na kila anayekuja ananitazama tumbo. Akaja kwetu kujificha. Alizaa kwenye kibanda cha magunia, mimi ndiye nikiwa mkunga, na baba yako akiendelea kupasua gogo nje ili watu wasisikie kelele. Tulikubaliana wote watatu. Yeye angerudi chuoni, mimi ningetoka msituni na mtoto wangu.

Alirudi, lakini ualimu hakuumaliza. Aliacha, akajifunza kushona. Alisema hawezi kusimama mbele ya watoto wa watu.

Jina alikupa baba yako. Nilimgombeza. Akanijibu kwamba halikusemi wewe, linanisema mimi. Alisema, gogo ndilo lenye sifa pale, gogo limekwisha kazi yake lakini bado linalisha. Nikaliacha jina kwa sababu nilipenda kusikia hivyo. Mimi ndiye gogo lako. Nimeliwa mgongo na sijuti hata siku moja. Sema lolote juu yangu, ila usiseme sikukulisha.

Nilikuwa nikiogopa kila alipokuja. Nilimwona anavyokutazama. Alipoondoka nilikuwa naficha gauni lake siku kadhaa kabla ya kukupa, ili usilipende moja kwa moja. Hayo nayo uyajue.

Alipougua alikaa kwetu, chumba cha upande wa kiwanda. Aliniuliza, umemwambia? Hiyo ilikuwa ahadi yetu ya pili, kwamba ukishakuwa mtu mzima utaambiwa. Nilikuwa nimemdanganya miaka mingi, nikisema bado kidogo, bado kidogo. Safari hii niliona hakuna tena kidogo. Nikamwambia ndiyo, nimemwambia. Akauliza wewe umejibu nini. Nikamwambia umejibu kwamba utakuja.

Basi akawa anasubiri. Aliomba kitanda kigeuzwe kielekee mlangoni, Fundi na Maranda wakakigeuza. Lori likiingia uani alikuwa anajiweka sawa kitambaa kichwani. Nilitaka kukuandikia. Kila nikishika kalamu nilikuwa naona unavyosimama katikati yetu wawili na kumtazama yeye. Alikufa akiamini uko njiani.

Ni mimi niliyemwambia Maranda akuandikie usije. Niliogopa ungesimama pale kaburini na watu wakakupa wewe pole ya mtoto. Na alipokuja juzi juzi na habari ya hilo neno lako, ni mimi tena niliyemwambia alitafutie maana nyingine. Hadithi ya mpishi aliitunga mwenyewe, na kwa hilo nimemchapa kwa maneno ingawa mwalimu wake ni mimi.

Kuna gauni. Alilishona kitandani, la kijani, mikono mirefu, mpaka vidole vikakataa na upindo wa chini akaumalizia kwa kuikandamiza sindano kwenye meza badala ya kuisukuma kwa kidole. Alisema nikupe ukifika. Limo kwenye sanduku langu, chini ya mashuka. Nilikosa namna ya kulitoa bila kueleza.

Sijalala vizuri tangu afe, lakini hilo si lako kulibeba. Njoo, mwanangu. Unitukane ukiwa hapa.

Mama yako


Ofisi ya Kamusi,
2 Juni

Kwa Mama Mkubwa,

Shikamoo.

Usishtuke kwa nilivyokuita. Dada mkubwa wa mama wa mtu ana jina lake, na kazi yangu ni kuita kila kitu kwa jina lake. Yeye nilimwita Mama maisha yake yote, nikiongeza neno moja, Mdogo, ambalo ninyi ndio mliolipachika. Sasa nimelitoa kwake nikakuongezea wewe la kwako, ndiyo yote niliyofanya.

Sitakutukana. Nimejaribu nikiwa peke yangu ofisini wenzangu wakiwa wamekwenda kula, na nimeona siwezi, kwa sababu ni kweli ulinilisha. Nakumbuka nikiumwa ulivyokuwa ukikaa ukingoni mwa kitanda na mkono wako wenye harufu ya mbao mbichi. Hayo ni yako na siyafuti. Hata kunificha ningeweza kukuelewa. Ulikuwa unanitaka, na mtu akitaka kitu sana anakikumbatia vibaya.

Kinachonishinda ni kile kitanda kilichogeuzwa. Gogo linalisha, sawa. Lakini gogo haliuambii mti unaokufa kwamba mche wake uko njiani. Ulimpa mdogo wako maneno yangu ambayo mimi sikuyasema, akafa akiyashikilia. Na mimi siku zile nilikuwa hapa, nasahihisha herufi, nikishukuru kwamba nimeiponyoka safari. Umenifanya nimkwepe mama yangu mpaka mwisho, jikoni kwako na mlangoni kwake. Ningeweza kufika. Lori moja tu, na barabara ilikuwa nzima, nimeuliza.

Kamusi imekwenda mtamboni juzi. Mhariri Mkuu aliniuliza kama nataka neno hilo litolewe kabisa, nikasema hapana. Limeingia hivi:

kitwena nm. [vi-] mche unaoota juu ya gogo lililoanguka la mti wa namna nyingine, ukiishi kwa gogo hilo hadi mizizi yake ifike ardhini: Sisi sote tulikijua kitwena chetu, ila chenyewe hakikujijua. [asili: kambi za wapasua mbao]

Mfano ni wa Fundi. Kanuni inataka sentensi ya mtu aliyeisema kweli, na katika barua zenu zote hiyo ndiyo niliyoiamini. Mashahidi ni Mtunza Kitalu na yeye. Wawili hao hawajuani.

Mwambie Maranda nimezipata barua zake zote, na sijazifungua. Siku moja nitazifungua. Alikuwa na nafasi mbili za kuniambia ukweli, na ya pili akaitumia kumfukuza mama yangu kwa lori.

Nitakuja mwisho wa mwezi. Sitafikia nyumbani. Mpe Fundi lile gauni, anisubiri nalo njia panda, anipeleke kaburini. Nitalivaa huko huko, nyuma ya kanga atakayoishika mjukuu wake wa kike. Usinitumie kwanza nilijaribu, na usihangaike kulipunguza wala kulipanua. Najua litanikaa.

Mimi,
Mtoto wa mdogo wako